Vigingi vya Mjerumani, Vifutu na Nyuki

Nasikia vijana wa Muleba siku hizi mnazunguka vilimani na mashine za kutafutia madini, zile nyepesi za kushikwa kwa mkono mmoja. Mjukuu wangu anayo moja. Alikuja kunionyesha, akavaa vile vya masikioni, akaanza kuzunguka uwanjani kwangu macho yamelegea, kama mtu anayesikiliza kwaya iliyo ng'ambo ya bonde. Mbele yake njia ya siafu ilikuwa inakatiza, nyeusi, pana kama mkanda. Niliiona. Nikaendelea kunywa chai yangu. Muda si mrefu akaanza kucheza ngoma ambayo ukoo wetu haujawahi kuwa nayo.

Ndipo nikaona ni heri niandike, maana nitakapokuwa sipo hakutakuwa na mtu wa kuwacheka kwa wakati.

Mimi nilifanya kazi hiyo enzi za Mwingereza. Vita kuu ya pili ilikuwa imekwisha, na vyombo vingi vya jeshi vilibaki bila kazi. Kimoja kilifika Bukoba. Huko kilikotoka kilitafuta mabomu yaliyofukiwa ardhini. Kwetu hakukuwa na mabomu, kulikuwa na vigingi. Wajerumani walipopima ardhi zamani walifukia vigingi vya chuma kwenye pembe za mashamba na viwanja, kisha wakaondoka, majani yakafunika, na mchwa wakajenga juu. Mpimaji wa Kiingereza alivihitaji, kwa sababu bila kigingi cha zamani hakuwa na pa kuanzia mstari mpya. Ramani yake ilisema kigingi kiko karibu na hapa. Hiyo "karibu na hapa" ya ramani ilikuwa kubwa kama uwanja wa mpira.

Chombo chenyewe kilikuwa hivi: sanduku la betri mgongoni, zito kama mtoto aliyelala, mti mrefu mkononi, mwishoni mwa mti huo sahani bapa ya kupitisha juu ya ardhi bila kuigusa, na vikombe viwili vya kuvaa masikioni. Ndani ya vikombe mlikuwa na sauti moja nyembamba isiyokwisha, na sahani ilipokutana na chuma sauti hiyo ilipanda. Watu walikiita kinanda. Watoto wa Izimbya walitufuata siku nzima wakingoja tukipige.

Aliyenifundisha ni Mzee Shabani, mtu wa Bukoba mjini. Babu yake alikuja na misafara kutoka pwani akabaki, na yeye mwenyewe alikuwa amepelekwa Burma wakati wa vita, akatembea na kinanda kama kile mbele ya wenzake. Kiswahili chake kilikuwa cha kunyonya kwa mama. Changu kilikuwa cha darasani, na darasa lenyewe niliishia la nne. Alisema naongea kama tangazo la bomani. Nami nilimwambia kwamba yeye anaongea kama mtu ambaye hajawahi kulima, ikawa ndiyo salamu yetu ya kila asubuhi.

Siku ya kwanza nilitaka kuonyesha bidii. Nilivaa vikombe, nikaenda mbio mbio kwenye majani. Alinifuata, akavitoa masikioni mwangu kwa upole, akasema, "Chuma hakina haraka, kijana. Kimekaa hapo tangu Mjerumani, kitakungoja hata kesho. Chenye haraka ni kile kilicho hai. Tafuta kwanza kilicho hai, ndipo utafute chuma."

Tatizo la kazi ile ni kwamba mwenye vikombe ni kiziwi. Msituni na majanini, sikio ndilo linalokuonya kabla ya jicho, na sisi tulikuwa tumeliziba. Kwa hiyo Mzee Shabani alikuwa na utaratibu wake. Alinifunga kamba ya katani kiunoni, naye akashika mwisho wa pili, akatembea nyuma yangu. Akivuta mara moja, nisimame pale pale, hata kama mguu uko hewani. Akivuta mara mbili, nirudi nyuma kwa kukanyaga nyayo zangu mwenyewe. Akivuta mfululizo, nitupe kinanda cha Mfalme nikimbie, na Mfalme atanunua kingine. Wapita njia walidhani mimi ni mwendawazimu na yeye ndugu yangu anayenipeleka kuombewa. Mama mmoja wa Maruku alimpa Mzee Shabani pole na mkungu wa ndizi.

Sasa niwaambie kwa nini niliijali kamba ile kuliko kijana yeyote angeijali.

Baba na mama walitutoka wakifuatana. Mimi ndiye mkubwa. Nyuma yangu alikuwapo Koku, halafu Muta, halafu Kemi ambaye alikuwa bado ananyonya kidole. Tulikuwa tunaishi Kagondo, katika kibanja cha baba, yaani nyumba na shamba lake la migomba. Baada ya msiba, baba yetu mdogo, Ta Kaijage wa Izimbya, aliketi na wazee wa ukoo, wakaona watoto wagawanywe. Koku aende kwa shangazi, Muta kwake yeye, Kemi kwa jamaa mmoja asiyejaliwa mtoto. Usidhani ulikuwa ukatili. Ndivyo ilivyofanyika, na kila nyumba ingeongeza mdomo mmoja tu. Lakini mimi niliwatazama wadogo zangu wamekaa kwenye mkeka mmoja, wamebanana kama vifaranga, nikasimama mbele ya wazee, jambo ambalo kijana hafanyi, nikasema kwamba nitaacha shule, nitafanya kazi, na hatutagawanyika.

Ta Kaijage alitafuna kahawa yake taratibu, akatema ganda. "Basi nitakuja Jumamosi yoyote nitakayoitaka," alisema, "wala sitatuma habari. Nikikukuta hapa, mzima, mnakula chungu kimoja, nitakunywa maji nijiondokee. Nisipokukuta, au nikikuta umelazwa huwezi hata kukata mkungu, nitapakia mtoto mmoja kwenye baiskeli. Na nitarudi kwa mwingine."

Wazee wakasema ni neno la haki. Nami nikakubali. Kwa hiyo kila nyoka niliyemkwepa kazini, nilikuwa namkwepa yeye pamoja na baiskeli ya baba mdogo.

Tuanze na huyo nyoka, maana najua ndiye mnayemwogopa. Mnaogopa vibaya. Swila akisikia mtetemo wa miguu yako anaondoka, ana heshima zake. Wa kuogopwa ni kifutu, kwa sababu ni mvivu. Asubuhi kwenye rweya, zile nyika zetu za majani nje ya vibanja, analala njiani akiota jua, mnene, rangi ya majani makavu, na hata ukipiga mguu chini hasogei. Mzee Shabani alisema swila atakukimbia, kifutu atakungoja. Mimi nilijifunza kupitisha sahani ya kinanda mbele kabisa ya miguu yangu, huku na huku, chini chini. Siku moja vikombe vilinipigia mlio wa ajabu, kama mtu amegonga mlango. Nikapiga magoti nusu, nimefurahi, kamba ikavutwa. Kifutu alikuwa ameiuma sahani. Aliiuma tena nikiwa natazama, na mlango ukagongwa tena masikioni mwangu. Nilirudi nyuma kwa nyayo zangu kama nilivyofundishwa. Mzee Shabani alimtazama yule nyoka kwa muda, akaniambia niandikishe kwa bwana mpimaji kwamba tumepata kigingi chenye meno.

Ukichimba, mkono usitangulie. Chuma kilicho chini ya jiwe kina mpangaji juu yake, na mara nyingi mpangaji ni nge. Tumia kijiti, geuza jiwe kuelekea kwako ili upande uliofunguka utazame mbali nawe, ngoja, halafu ndipo kidole. Kule Maruku tulipata taabu sana kwa hili, kwa kuwa ardhi yao imejaa mavi ya chuma, yale mabonge meusi waliyoyaacha wahunzi wa kale walipoyeyusha chuma kwa udongo na mkaa. Kinanda kililia kila hatua. Tulichimba kila kinapolia, na chini ya kila bonge kulikuwa na nge aliyekasirika kwa kuamshwa. Mzee Shabani akaapa kwamba wazee wa Kihaya waliacha mabonge yale makusudi ili kumkomoa yeye.

Siafu nao. Siafu hawaumi anapopanda wa kwanza. Wanapanda kimya, wanajaa, halafu wanauma. Na mtafuta chuma ndiye chakula chao hasa, kwa kuwa anapiga magoti mahali pamoja muda mrefu. Mimi walinishika Jumamosi moja karibu na nyumbani, nilipomwonyesha bwana mpimaji pembe ya kiwanja, wakati akina mama wa kanisa wanapita na maua ya kupambia ibada ya kesho yake. Nilivua suruali. Hapakuwa na njia nyingine. Mmoja wao, Ma Stefania, jirani yetu, aliwageuza wenzake kwa sauti ya kawaida kabisa akiwaambia watazame ziwa lilivyotulia. Jumapili kanisani aliniuliza kama nimetulia na mimi.

Kabla hujapiga magoti, tazama chini na uhesabu kimya hadi kumi. Ukiona chungu mmoja mwenye kichwa kikubwa anakimbia bila mzigo, huyo ni mpelelezi. Hama.

Lakini nisiwatishe tu. Kuna jambo katika kazi ile ambalo sijalipata tena. Asubuhi, kwenye vilima vya Muleba vinavyotazama ziwa, ukungu ulikuwa unapanda kutoka majini hadi kiunoni, na mimi natembea ndani yake na sauti ile moja masikioni. Sikusikia upepo wala ndege. Niliona mdomo wa ndege ukifunguka na kufunga juu ya kichaka, bila wimbo. Niliona mwanamke mbali anapiga jembe, jembe linashuka bila kishindo. Ulimwengu ulikuwa kama umewekwa chini ya maji, na mimi nikielea juu yake nikitafuta kitu alichokidondosha mtu aliyekwisha kufa. Mara nyingine nilisahau kwamba nina mwili. Kamba tu ndiyo iliyonikumbusha. Niliihisi nyuma yangu ikipumua, ikilegea na kukaza, na nilijua Mzee Shabani yupo.

Asubuhi moja ya namna hiyo, karibu na mwambao, niliona ukungu mbele yangu ukiwa mzito mahali pamoja, ukawa kijivu, ukawa na mgongo. Kamba ilivutwa mara moja. Nikasimama mguu mmoja hewani. Ule mgongo ulipita polepole mbele yangu, unang'aa maji, ukateremka ziwani, na ukungu ukaufunika. Nilitetemeka baadaye, si pale pale. Pale pale niliona tu ni jambo zuri. Kiboko ana njia yake ya kwenda malishoni na kurudi, imechimbika kama mfereji. Usisimame ndani yake wala usikae kati yake na maji. Sisi tulikuwa tumesimama pembeni kwa urefu wa mkono. Mzee Shabani alikaa chini, akaomba maji ya kunywa, na siku hiyo hatukutafuta tena kitu.

Viumbe wakubwa wana hadithi, wadogo wana madhara. Funza ndiye aliyetaka kuniachisha kazi. Kila Jumamosi nikifika nyumbani, Koku alinikalisha mlangoni kwenye mwanga, akachukua pini, akanichokoa vidole huku akinigombeza. Alikuwa mdogo kwangu, lakini alinigombeza kama mama. Muta aliwahesabu funza na kuwapa majina ya watu asiowapenda. Kemi alinishika sikio, akiliangalia ndani, kwa kuwa alisikia kwamba ndani yake mna kinanda. Ta Kaijage alitukuta hivyo mara moja. Alisimama mlangoni, akanitazama miguu, akatazama chungu jikoni, akanywa maji yake, akapanda baiskeli. Baada ya kuondoka tulikaa kama watu ambao mvua ya mawe imepita juu ya paa lao.

Sasa nifike kwenye nyuki.

Tulikuwa tumepiga kambi Muleba juma zima, na kilikuwa kimebaki kigingi kimoja tu. Ijumaa jioni mwenye nyumba tuliyokaa kwake alikuwa anakamua ndizi mbivu kwa ajili ya lubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Mnajua inavyokuwa: mtumbwi wa mti umejaa ndizi zilizoiva hadi kulia, na wanaume wanazikanyaga kwa miguu. Aliniomba nimsaidie. Niliingia mtumbwini, nikakanyaga mpaka juisi ikanirukia kiunoni, tukaimba, tukacheka. Mzee Shabani alikaa mbali. Ile ingekuwa pombe kesho kutwa, na yeye hakutaka hata harufu yake imguse. Nilimtania kwamba anakosa. Nililala na kaptura ile ile, na asubuhi nikavaa kamba juu yake.

Kigingi cha mwisho kilikuwa ndani ya kichuguu. Tulikwisha kujua, kinanda kililia tulipokipitisha ubavuni. Kichuguu kilikuwa cha zamani, kikubwa kama kibanda, mchwa wamekihama, na upande wa pili kulikuwa na tundu. Ndani ya tundu walihamia nyuki. Tuliwaona, tukasema tutachimba upande huu taratibu, bila kuwagusa. Tulikwisha kufanya hivyo mahali pengine mara nyingi. Nyuki wakitulia huwa wanakuacha ufanye kazi yako.

Hawakutulia. Nilikuwa nimeinama, vikombe masikioni, sauti imepanda juu kabisa, tamu, nikijua chuma kiko chini ya kiganja changu. Niliona kivuli kama moshi. Kamba ikavutwa, na kuvutwa, na kuvutwa. Nilipogeuka tayari walikuwa usoni. Nilitupa kinanda lakini sikuona pa kukimbilia, nikaanguka, na Mzee Shabani akanikokota kwa ile kamba kama ng'ombe aliyegoma, kuteremka majanini, kupita kichaka, hadi jikoni kwa yule mwenye nyumba ambako moto ulikuwa unafuka. Tulilala chini ya moshi. Yeye aliumwa shingoni na mikononi. Mimi uso mzima. Nilipotaka kufungua macho nikakuta hayapo. Kulikuwa na mito miwili tu ya nyama.

Nilisikia Mzee Shabani akikohoa, kisha akasema, "Hata nyuki wanamjua aliyetengeneza pombe."

Bwana mpimaji alikuja, akaagiza nipelekwe zahanati ya misheni nikalazwe. Nilisema hapana. Alidhani naogopa dawa. Mzee Shabani akamweleza kwamba siogopi dawa, leo ni Jumamosi. Yule bwana hakuelewa, lakini alikuwa mtu wa kukubali asiyoyaelewa, akaenda kuzungumza na dereva wa lori la kahawa. Mzee Shabani alinivuta pembeni.

"Huoni," aliniambia. "Utafika nyumbani ukiwa kipofu, na kama baba yako mdogo yupo, si alisema akukute mzima?"

"Alisema pia anikute."

"Basi utatembeaje?"

"Macho hayatembei, Mzee. Nishikie kamba."

Alinung'unika, akaifunga upya kiunoni mwangu, safari hii akatangulia yeye.

Tulipanda juu ya magunia. Nimepita barabara ile mara nyingi tangu siku hiyo, kwa lori, kwa basi, hata kwa gari la mwanangu, lakini sijaiona kama nilivyoiona nikiwa sioni. Homa ilikuwa inapanda, na kila kitu kilinijia kwa harufu. Kahawa kavu chini yangu. Moshi wa majani mabichi, nikajua ni vibanja. Upepo wa baridi wenye dagaa ndani yake, nikajua ni Kemondo na ziwa liko kuliani. Nilimwona mama amekaa juu ya gunia la mbele anamenya ndizi, na ganda linashuka refu bila kukatika. Nilimuuliza kama Ta Kaijage amekuja leo. Akaendelea kumenya. Lori likaruka shimo, naye akaondoka. Mzee Shabani alikuwa ananipepea na kofia yake, na kila mara alinisukuma bega akiniuliza jina la mdogo wangu wa mwisho, ili ajue kama bado nipo.

Tulishuka njia panda ya Kagondo jua likiwa bado na joto. Niliingia kwetu kwa kufuata kamba. Niliwasikia Koku na Muta wakinyamaza ghafla. Kemi akaanza kulia, hakunitambua. Halafu nikasikia kitu nilichokuwa nimekisikia ndotoni juma baada ya juma: mlio wa kengele ya baiskeli, mtu ameigusa kwa bahati mbaya alipokuwa akiinuka.

"Shikamoo, baba mdogo," nilisema kuelekea ule mlio. Midomo ilikuwa imevimba, maneno yakatoka kama ya mlevi.

Nilisikia hatua zake zikija, zikasimama mbele yangu. Alininusa. Kweli, alininusa shingoni na kifuani, kama mtu anayepima mkungu kama umeiva.

"Ulikanyaga ndizi," alisema.

"Ndiyo, waitu. Jana."

"Ukaenda kwenye nyuki na harufu hiyo."

Sikujua kwamba lilikuwa kosa. Ta Kaijage alikuwa na mizinga kule Izimbya, tangu ujana wake. Alimwambia Mzee Shabani, si mimi, kwamba nyuki akichoma anatoa harufu ya kuwaita wenzake vitani, na harufu hiyo ni ya ndizi mbivu. Mtu aliyekula ndizi mbivu haendi mzingani siku hiyo. Mtu aliyeoga juisi yake anakwenda kujitangazia vita mwenyewe. Alisema Mhaya ndiye kiumbe pekee duniani anayeweza kufanya jambo hilo, na kila msimu yuko mmoja anayelifanya. Vijana, hili ndilo nililotaka mlijue kuliko yote niliyoandika: mkienda vilimani, ndizi mbivu zibaki nyumbani, na nguo mliyokamulia isivaliwe.

Alinikalisha kwenye kigoda. Akaomba kisu. Nilisikia Koku akivuta pumzi. Kisu kile kilikuja usoni mwangu kikiwa kimelala, kwa mgongo wake, kikakwangua taratibu, upande upande, mwiba mmoja baada ya mwingine. Mwiba wa nyuki usiuminye kwa vidole, utajikamulia sumu iliyobaki, ukwangue. Alifanya hivyo muda mrefu. Mkono wake ulikuwa mzito na mtulivu, na ulinuka moshi, kama wa baba.

"Baba mdogo," nilisema, "umekuja kumchukua nani?"

"Nyamaza. Nakwangua mdomo."

Hilo ndilo jibu nililopata. Mzee Shabani alikunywa uji, akaaga kwenda kwake mjini, na mimi nikawekwa kitandani. Nililala na kuamka bila kujua ni mchana au nini. Kila nikiamka nilisema majina yao, na kila aliyeitwa alikuja akaniwekea mkono kifuani: wa Koku, mkavu; wa Muta, wenye kucha ndefu; wa Kemi, wenye mate. Jumapili nilisikia kengele ya kanisa ikilia bila sisi. Nilisikia pia sauti ya baba mdogo nje, akiuliza panga liko wapi, na Koku akijibu kwa sauti ndogo. Homa ikanibeba tena.

Nilipoamka Jumatatu, jicho la kushoto lilikuwa na ufa. Nuru iliingia, nyembamba. Nyumba ilikuwa kimya. Nilimwita Kemi. Nikamwita Muta. Nikamwita Koku, ambaye hakuwahi kukosa kuitika. Hakuna mkono uliokuja.

Niliinuka, nikashika ukuta, nikatoka nje. Baiskeli haikuwapo ilipokuwa. Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umelala kati ya migomba, na kwa jicho lile moja niliona tu vivuli virefu na weupe. Nikasimama pale kizingitini.

Halafu ukungu ukasogea, na ndani yake nikaona baiskeli. Ilikuwa inakuja kutoka upande wa rweya, inasukumwa, imepakiwa majani marefu yaliyokatwa, yamefungwa furushi kubwa hadi aliyeisukuma hakuonekana isipokuwa miguu. Nyuma yake alikuja Muta na furushi kichwani. Nyuma yake Koku. Nyuma kabisa Kemi, amebeba konzi ya majani kwa mikono miwili, makini sana, kama mtu aliyebeba yai.

Sisi Wahaya tunatandaza majani kibanjani, chini ya migomba na mibuni, ili udongo ukae na unyevu na upate mbolea. Ni kazi ngumu, na faida yake haionekani kesho. Majani yanaoza polepole, na udongo unakuja kushukuru msimu mwingine, au mwaka mwingine. Hakuna mtu anayetandaza majani katika kibanja ambacho watu wake wanaondoka. Tangu baba afe, chetu hakikuwa kimetandazwa hata mara moja. Mimi nilikuwa nakitazama kila Jumamosi na sikuwa nimeliona hilo.

Ta Kaijage aliegemeza baiskeli kwenye mgomba, akafungua kamba, majani yakamwagika. Aliniona nimesimama mlangoni, jicho moja tu likiwa wazi. Hakuniuliza hali.

"Mmechelewa sana kutandaza," alisema. "Mizizi iko nje kama mbavu. Kama unaona, njoo ushike huku."

Nilikwenda, nikashika huku.